Kiti cha Kutazama Nyuma

Ndani ya basi la Toledo, Marekani, mzee Lowell alikuwa akimsifia mama asiyemjua yale magari marefu ya familia ya zamani, yenye ubavu wa mbao bandia, utadhani aliyaunda yeye. "Ila kile kiti cha mwisho, kinachotazama nyuma, kilinitapisha kila safari!"

"Tumbo lako tu hilo, bwana," mama akamcheka. "Mimi nilikigombania, mpaka siku baba alipotupakia sisi watoto akaondoka bila mama yetu. Nilimwona anakimbia nyuma yetu na ndala moja."

"Hukumwambia baba?"

"Nilimwambia. Akaongeza sauti ya redio."

 Basi likaondoka kituoni. Mama akageuka kutazama nyuma, akaruka kitini.

"Dereva, simama! Kuna mtu anakimbia!"

Likasimama.