Kikombe cha Arap Chumo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Wekeni sufuria kando kidogo, mnisikilize. Leo tunamkumbuka Kipkurui arap Chumo, mkulima wa majani chai hapa Kericho. Tulimzika Jumamosi. Amefariki akiwa na miaka hamsini na mmoja, kwa homa ya mapafu. Si pombe iliyomuua. Narudia, si pombe. Tangu mwaka wa tisini na moja hadi huu wa tisini na saba, hakulewa hata siku moja.

Kabla ya hapo alikuwa anachukiza. Sitampamba kwa sababu amekufa. Siku moja mkewe, mama Tecla, alichuma majani tangu alfajiri, akampa apeleke kituo cha kupimia. Njiani akapitia kwa wauza chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Alifika amelewa, akatapika ndani ya kikapu chenyewe. Karani wa mizani aliyakataa majani yote, yakamwagwa mtaroni. Kazi ya mama wa watu ya siku nzima.

Aliapa kuacha. Mnajua wazee wetu huzunguka chungu kimoja cha busaa, pombe yetu ya nafaka, kila mtu na mrija wake mrefu, na mrija huo hutunzwa darini. Mara tatu arap Chumo aliuchoma wake. Mara tatu akatengeneza mwingine.

"Alikuwa anasema yeye ni mwanaume, ataweza peke yake," mama Tecla aliniambia.

Halafu Jumapili moja, mwaka huo wa tisini na moja, akasimama kanisani. Alisema, "Pombe imenishinda. Mimi siwezi. Mungu, nishike wewe." Basi, akaketi. Sisi wa rika lake tulicheka hadi nje. Mwanaume mzima, ashindwe na kinywaji!

Sasa sikilizeni uchafu wetu. Mwaka wa tisini na nne, binti yake Chelimo alikuwa anaposwa. Chungu kilikuwa katikati, mirija imejaa ndani yake. Arap Chumo aliomba mursik tu, maziwa yetu ya kibuyu. Mtu mmoja akatia chang'aa katika kikombe chake, kimyakimya, tuone atafanya nini. Alipiga funda moja, akatema. Na sisi tukapiga makofi. Tulipiga makofi.

Aliondoka kwenye sherehe ya mtoto wake mwenyewe, akatembea hadi kwa Ojwang, fundi wa kiwanda cha chai aliyeacha pombe kabla yake.

"Alikuja mchana, jua bado kali," Ojwang alituambia mazishini. "Akasema, 'Ojwang, nishike bwana, nataka kurudi nimalize hiyo kikombe.' Tukapiga magoti. Aliomba tu maneno yake yale. Siwezi, nishike. Siwezi, nishike. Tulikaa hivyo mpaka jioni, na hakurudi."

Wasikilizaji wapendwa, aliyetia chang'aa ni mimi. Mimi Benard, mnayenisikia hapa kila wiki.

Jumamosi, baada ya kaburi kufukiwa, mama Tecla aliniletea chai. Kumbe alijua miaka yote.

"Mzee alikuwa anakuombea, Baba Fancy," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wangu. "Ule mrija wako bado uko darini?"

Nikamwambia upo. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimekunywa kabla ya kushika koleo la kumzika mumewe, na harufu aliisikia. Najichukia kwa hilo.

Pole sana, mama Tecla. Pole, Chelimo, kwa siku yako tuliyoiharibu. Pole, Ojwang, kwa rafiki yako. Mungu awashike. Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ajiulize alimcheka nani alipokuwa anaomba msaada.

Leo asubuhi niliushusha mrija wangu niuchome. Nikakumbuka ile mitatu ya arap Chumo, nikauweka chini. Nimekuja nao hapa studioni, uko mezani mbele yangu. Nimeapa mara nyingi kuliko yeye, kwa hivyo leo siapi.

Pombe imenishinda, wasikilizaji. Mimi siwezi.