Maisha ya Baba Yetu, Mwalimu wa Basi la Asubuhi

Wapendwa waombolezaji, karatasi za wasifu huu hamkugawiwa mlangoni kama ilivyo kawaida. Mtazipata ukishasomwa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, akamwachia binti yake wa kwanza kazi ya kusoma. Binti huyo ndiye anayewasomea sasa. Sauti ikitetemeka mtamwia radhi, maana msiba si sababu pekee.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa nne kati ya sita wa mpasua mawe na mkunga. Alikuwa mwoga tangu utotoni, na hilo halikuwa siri. Aliogopa radi, aliogopa kuku mwenye vifaranga, aliogopa hata kutumwa kuomba chumvi kwa jirani. Kaka zake walipomcheka, mama yao aliwanyamazisha: "Mwacheni mwenzenu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Kaka zake wote walimtangulia. Leo kilio kimemfikia na yeye.

Alisoma shule ya msingi ya machimboni, kisha sekondari ya bweni, ambako hesabu zilimkubali kuliko watu. Alikuwa akilijua jibu, anamnong'oneza jirani yake, jirani ananyoosha mkono na kupigiwa makofi. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba akili anayo, sauti ndiyo hana. Mwaka 1981 alihitimu chuo kikuu, shahada ya uchumi, na mwaka uliofuata akaajiriwa serikalini.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi wa wodi ya watoto. Alipokwenda kujitambulisha ukweni, aliizunguka nyumba bila kubisha hodi mpaka baba mkwe akatoka na rungu akidhani ni mwizi. Walijaliwa watoto watatu na gari moja dogo jeupe. Aliliendesha taratibu mno, hata shemeji yake akawa anasema kwamba ukipanda naye, konokono wa nyuma atawapigia honi.

Sasa tunafika kwenye kazi yake, na hapa tunawaomba utulivu ninyi wenzake wa basi la asubuhi mlioketi safu za mbele. Mlimwita Mwalimu. Marehemu hakuwahi kufundisha hata siku moja. Alikuwa mchumi wa ofisi ya mapato kwa miaka thelathini na mitano, na ile kodi ya mafuta ya mwaka 2009, iliyopandisha petroli na dizeli kwa mkupuo, aliiandika yeye.

Aliiandika kwa nia njema. Mafuta yakiwa ghali, alifikiri, wenye magari watayaacha nyumbani, na fedha za kodi zitanunua mabasi mapya. Na kwa kuwa mabasi nayo yanakunywa dizeli ile ile, aliweka kipengele cha kuyapa nafuu ili nauli isipande. Kwenye kikao cha mwisho kipengele kile kikafutwa. Mkubwa wake akawatazama wote mezani, akauliza kama kuna mwenye la kusema. Marehemu alikuwa nalo, akalimeza. Jioni alimwambia mama jikoni, tai ikiwa bado shingoni: "Mama watoto, nilijua nauli itapanda. Nilijua, nikaogopa."

Siku kodi ilipoanza aliliacha gari nyumbani, akaenda kituoni. Alisema hana uso wa kuendesha gari wakati ameandika kwamba watu wapande basi. Nauli ilikuwa imeshapanda. Aliketi kiti cha nyuma ya dereva, kando ya mama mmoja fundi cherehani mwenye kibanda sokoni, na hata kituo cha pili hakijafika, mama yule akaanza kulalamika.

"Huyo aliyetupangia haya, namwombea Mungu ampandishe basi hili hata mara moja."

"Wakubwa hawapandi basi, mama," kondakta akamjibu.

"We! Kikulacho ki nguoni mwako. Labda tunakaa naye mtaa mmoja." Akamgeukia marehemu, akaona miwani na mkoba uliojaa vitabu. "Au unasemaje, Mwalimu?"

Marehemu akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo likawa ndilo jina lake. Mama yetu alimsihi arudi kwenye gari, kwani alikuwa anarudi nyumbani amekunja uso kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akajibu kwamba anaogopa kupanda basi lile, ila kuacha kulipanda anaogopa zaidi.

Mwezi wa pili wa kodi, vijana wenye hasira waliifunga barabara kwa matairi yanayowaka. Wakalisimamisha basi, wakapanda kuwatafuta watu wa ofisi ya mapato. Kitambulisho chake kilikuwa kinaning'inia shingoni, chini ya shati. Alituambia kwamba kila alipovuta pumzi alikisikia kikimgusa kifua. Kijana mwenye nondo akamsimamia.

"Mzee, unafanya kazi wapi?"

Marehemu akainamia mkoba wake. Ndipo fundi cherehani alipomtupia mapajani furushi lake la vitambaa, likamfunika mpaka kidevuni.

"Niulize mimi. Huyu ni Mwalimu wetu, na kifua kinamsumbua. Unataka akufie hapa?"

"Samahani, mama," kijana akasema, akapita.

Kwenye viti vya nyuma walimshusha karani wa posta waliyemshuku kwa ajili ya tai yake. Marehemu alisikia anavyopigwa, na hakugeuka. Miaka yote iliyofuata, harufu ya mpira unaoungua ikipita mtaani, alifunga madirisha na kukaa chumbani peke yake.

Alikiandika upya kipengele kile kila mwaka, kikakataliwa kila mwaka. Mwaka 2013 alisimama kikaoni, akakitetea kwa sauti. Wakamhamishia stoo ya majalada. Nafuu ya mabasi ilipita mwaka 2015, nauli ikashuka kidogo, lakini fundi cherehani alikuwa ameshafunga kibanda, maana nauli ilikuwa inakula faida yote. Akawa anapanda basi siku za kupeleka nguo kwa wateja tu. Siku hizo alimwekea Mwalimu wake kiti, na marehemu alikikalia kwa aibu.

Alistaafu mwaka 2017. Mwaka 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Fundi cherehani alikwenda kumwona wodini, amemshonea pajama kwa kitambaa laini. Marehemu akamshika mkono, akasema, "Mama, kuna jambo sijawahi kukwambia." Naye akamfunika shuka vizuri: "Utaniambia ukipona, Mwalimu. Pumzika." Hakupona. Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Juni 2024, mama yetu akiwa kando ya kitanda.

Juma moja kabla ya hapo alimwagiza binti yake ayaseme haya yote mazishini, fundi cherehani akiwepo.

"Baba, na watu wakichafuka?" binti akauliza.

"Mtaogopa siku moja tu, mwanangu. Mimi nimeogopa miaka kumi na tano."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mmoja. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pasipo na hofu.

Kwenye ratiba, baada ya wasifu huu zinafuata salamu za wenzake wa safari, na aliyepangwa kuzitoa ni wewe, mama fundi. Tulikuomba jana ukiwa hujui lolote, na usiku mzima hatukulala kwa ajili hiyo. Ukiamua kuondoka, tumeacha njia katikati ya viti, na hakuna wa familia hii atakayekulaumu. Ukiamua kusema, sema lolote lililo moyoni, hata kama ni la kumlaani. Jeneza bado halijashushwa. Kipaza sauti hiki hapa.