Mama Kabati: Miaka Thelathini na Moja ya Kukagua Mashamba

Tarehe 30 Juni, mkaguzi wetu mwandamizi wa kazi za mashambani atastaafu baada ya kuitumikia idara hii kwa miaka thelathini na moja na miezi miwili. Kuanzia mlinzi wa getini hadi wachumaji wa nyanya, wote humwita Mama Kabati. Mimi ndiye karani niliyepiga chapa ripoti zake karibu zote, nami nimeombwa nieleze jina hilo lilitoka wapi.

Alihamishiwa ukaguzi kutoka masjala kwa sababu, kama mkuu wa wakati huo alivyosema, mwandiko wake ulisomeka. Siku zile ukaguzi ulitangazwa wiki mbili kabla. Mkaguzi alipokewa getini, akanywa chai kwa meneja, kisha akaletewa wafanyakazi watano waliochaguliwa na msimamizi, naye msimamizi akasimama pembeni kusikiliza. Mwenzetu alifanya vivyo hivyo. Katika shamba moja la nyanya lililouza mazao kwa kiwanda cha kusindika, aliandika kuwa wote wanafanya kazi kwa hiari yao, akatia saini.

Wiki tatu baadaye mchumaji mmoja wa shamba lile aliingia ofisini kwetu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, ndara moja mguuni na nyingine, iliyokatika, mkononi. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mkaguzi, akamwita mwizi mbele yetu sote.

“Nipe kitambulisho changu. Msimamizi kasema uliondoka navyo vyote.”

Ndipo tukaelewa. Msimamizi aliwanyang'anya wachumaji vitambulisho siku ya kuajiriwa na kuvifungia kabatini. Getini hakutoka mtu bila kuonyesha kitambulisho. Walipodai, alisingizia kuwa yule mama wa serikali amevichukua. Mchumaji huyu alikuwa amepenya chini ya seng'enge. Wenzake walikuwa bado ndani.

Mkuu alishauri jambo lile liachwe, ripoti imeshakwenda na yaliyopita si ndwele. Mkaguzi alimjibu kwa adabu kwamba hayajapita, watu bado wamefungiwa. Akaomba gari, akaondoka na yule mchumaji.

Dereva alikuwa marehemu mume wangu, na yaliyofuata niliyapata kwake jioni ile akivua viatu. Msimamizi alidai ufunguo umesafiri na mwenye shamba. Mkaguzi akaomba kiti, akakiweka mbele ya kabati, akaketi. Chai ililetwa, akaikataa. Adhuhuri alitoa biskuti kwenye mkoba, akammegea mume wangu nusu na kumsihi asidondoshe makombo kwenye ofisi ya watu. Saa kumi ufunguo ulionekana, ndani ya mfuko wa suruali ya msimamizi mwenyewe.

Vitambulisho vilikuwa arobaini na vitatu, vimefungwa kwa mpira. Alisimama mlangoni akaita jina moja moja. Yule mchumaji alipopokea chake, alikifuta vumbi, akamwomba radhi kwa kumwita mwizi.

Mkaguzi akamwambia, “Usiniombe radhi, dada. Mimi ndiye niliyetia saini.”

Kumi na tisa walitoka getini siku ileile. Waliobaki walibaki kwa kupenda.

Kesho yake aliniletea ripoti ya pili. Sentensi ya kwanza ilisema: Ripoti yangu ya awali haikuwa kweli. Alitakiwa aifute, akakataa, akapewa barua ya onyo, na cheo chake kikachelewa miaka minne. Lakini nakala ilifika kiwandani, na kiwanda kikaacha kununua nyanya za shamba lile hadi mambo yaliporekebishwa. Leo viwanda kumi na kimoja vina masharti yale yale kwenye mikataba yao: kila mfanyakazi akae na kitambulisho chake, mkaguzi aje bila taarifa, na mahojiano yafanyike mbali na msimamizi.

Tangu hapo hutembea na chupa yake ya chai. Kuna shamba waliposikia gari lake walilikimbiza kabati nyuma ya banda. Alilifuata, akakuta sufuria mbili na redio mbovu. Redio nayo aliifungua.

Mume wangu alipofariki mwaka juzi, Mama Kabati alikuja nyumbani siku tatu mfululizo, akaosha vyombo. Hakutoa hotuba. Siku ya tatu alinisimulia habari ya biskuti, kama vile siijui, nami nilifurahi kuisikia tena.

Kazi haijaisha. Mwezi Machi mwaka huu tumefungua kabati lingine, lenye vitambulisho sita. Hata hivyo, katika ukaguzi wake wa mwisho, alimwomba mzee mmoja aliyekuwa akipalilia vitunguu amwonyeshe kitambulisho. Mzee alikitoa mfukoni, akamwonyesha, akakirudisha, wala hakumtazama msimamizi. Kisha akamwomba mama asogee kidogo, amekanyaga tuta. Hayo yote yamo kwenye ripoti, nami nimeyapiga chapa kama yalivyo.

Mama Kabati, tunakushukuru. Pumzika kwa afya na furaha, na uende utakako bila kumwomba mtu ruhusa.