Vipimo Mia na Arobaini vya Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na niseme mapema kwamba nimesimama hapa nikiwa na hasira.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza kati ya sita, nyumba ya tatu kutoka ukuta wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya ukuta huohuo, kisha sekondari, kisha chuo, alikopata stashahada ya upimaji wa udongo mwaka 1991, na Januari 1992 akaajiriwa na idara ya mazingira.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea, ambaye hakuruhusiwa kusogelea meza ya mkewe kabla ya kuoga, maana vumbi la chuma nguoni mwake lilivuruga kipimo, wakajaliwa mabinti wawili.

Kipimo chenyewe mnakikumbuka, kile kijiti chenye duara la kuhisi usumaku wa udongo, alilolilaza ardhini, hata watoto wakamwita Mama Sumaku, kwani moshi wa kiwanda huangusha chembe za chuma pamoja na sumu ya madini ya risasi, kipimo huzihisi zile za chuma, na hapo ndipo pa kuchimba udongo wa kupeleka maabara. Juni 2023 alipima sehemu mia na arobaini, kiwanja cha shule ile kikazidi kwingine kote, akaomba kifungwe na udongo wake uchunguzwe. Sehemu tatu alipima akiwa na funguo mfukoni, akagundua mwenyewe, akarudia, akaliandika kosa hilo kwa uaminifu, na wakubwa wake wakaishika sentensi hiyo moja, wakaitupa ripoti nzima, wakamwambia eti mama, umepima funguo zako. Miezi ishirini na mbili alipigwa danadana, leo njoo kesho, kesho bosi yuko kikaoni.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, akafariki Jumatano, tarehe 9 Aprili 2025, saa nne asubuhi, daktari hakuandika chanzo, nasi hatumwandikii, ila mtu asituambie siku zake zilifika tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana zamu wodini, na wafanyakazi wenzake mliosaini ripoti ile mkijua mtachukiwa. Nawe mkurugenzi wake, uliyekaa safu ya mbele na shada lako, asante kwa kufika, keshokutwa ni Jumatatu, saa nne watoto watatoka darasani kwenda mapumziko, kifunge kile kiwanja.

Dada, pumzika kwa amani, kazi ya kuwasumbua tunaimalizia sisi.