Bwana Mmanga na Kijani Kibichi

Ndugu msomaji, kwanza tazama nyuma yako. Karatasi hii nimeichomeka katikati ya ratiba ya hafla. Nakuomba usiisome kwa sauti, usiipige picha, usimwoneshe hata mwenzio wa nyumbani. Mkataba wangu ni wa muda, na anayeagwa ana masikio kila pembe ya jengo hili.

Bwana Mmanga Wakil, msimamizi wa chumba cha rangi katika karakana yetu ya ufinyanzi hapa Mlandege, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Wasifu wake rasmi mnao ukurasa wa pili. Ameupitia mwenyewe na kuongeza sifa alizoona zimesahauliwa. Huu wangu unajazia zilizobaki.

Kazi yake ilikuwa kujaribu rangi za kung'arisha vyombo, zile zinazopakwa kama uji na kugeuka kioo ndani ya tanuri. Wengine kazi hiyo huwatia hofu ya kukosea. Bwana Mmanga hakuwa na hofu hiyo, kwa kuwa hakuwahi kukosea. Alipotaka manjano alitia bizari. Moto ukaila bizari yote, vikombe vikatoka vyeupe, na majirani wakauliza nani anapika pilau. Yeye akatangaza kuwa nyeupe ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta.

Haki yake nayo apewe. Aliwahi kuchoma mwani wa Chwaka na kupaka majivu yake, ikatoka sahani moja yenye rangi ambayo hakuna aliyeweza kuipa jina. Watu waliipokezana mkono kwa mkono. Kipimo hakukikumbuka. Anakitafuta hadi leo, na hapo simtanii.

Kilele cha utumishi wake ni mwaka huu. Bi Ummkulthum wa Mkokotoni aliagiza mirashi ya harusi ya bintiye, ya kunyunyizia wageni marashi, na rangi akataka kijani kibichi. Bwana Mmanga, mjuzi wa lugha, alimkuta Bi Amne, mchomaji wetu, anaipanga tanurini.

"Mteja kataka kibichi. Wewe unachoma cha nini?"

"Bwana Mmanga, kibichi hicho ni rangi, kama majani mabichi. Chombo kisichochomwa ni tope."

"Nshakwambia. Kiswahili tusifundishane, Bi Amne."

Mirashi ikafungwa mibichi, kama alivyoamuru.

Siku ya ndoa, mjomba wa bibi harusi alitia marashi, akaanza kunyunyiza. Kanzu za safu ya mbele ziliingia nyeupe, zikatoka na madoa ya kijani. Mjomba akabaki na shingo ya mrashi mkononi. Tumbo lote lilikuwa limeshuka mkekani. Kesho yake Bi Ummkulthum alisimama mlangoni kwetu.

"Mmeniletea udongo harusini. Kwani nani kafa?"

Bwana Mmanga alimweleza, kwa utulivu wa mtu mzoefu, kwamba moto ulikuwa hafifu. Moto ni wa Bi Amne, kwa hivyo aliyesimamishwa kazi ni Bi Amne, na Jumatatu baada ya hafla kikao kitaamua kama afukuzwe. Mstaafu wakati huo atakuwa keshapokea ngao yake ya uadilifu. Waliosikia maneno yale ya tanurini walikuwa watatu. Mmoja anaagwa kwa keki, mwengine yuko nyumbani anasubiri.

Tunamshukuru Bwana Mmanga kwa rangi alizozitafuta akazipata, na kwa zile alizozipata kwanza akazitafutia sababu baadaye. Tunamtakia afya, mapumziko marefu, na chai inayokaa ndani ya kikombe.

Ukitaka kunipata, usipige simu ya ofisi wala usimuulize mlinzi. Pita duka la vitambaa la Nassra, nyuma ya karakana, uache salamu tu, zitanifikia. Ukishindwa, njoo kikaoni Jumatatu saa nne asubuhi. Nimeshaomba nafasi ya kusema. Utaniona nimekaa kiti kilicho pembeni ya Bi Amne.