Mshikio wa Sita wa Jeneza la Profesa Nesheim

Mchungaji, wafiwa, majirani wa Kansanga, nyinyi mawakili wa suti nyeusi, na wewe Chairman Ongom uliyewahi kiti cha mbele kama kawaida yako, naitwa Owuor, mdogo wake Awiti ambaye ndiye mjane, shule niliachia Senior Two lakini mdomo huu unajulikana Kabalagala nzima, na msinong'one kwamba historia ya profesa wa sheria ilitakiwa isomwe na profesa mwenzake, maana marehemu mwenyewe ameandika kwenye wosia kwamba nisome mimi, na ameandika pia kwamba jeneza lake lisiguswe na mtu yeyote isipokuwa wale waliosimama kwenye mstari wake siku ya kura. Jeneza lina mishikio sita, watu waliobaki ni watano, kwa hiyo nyinyi mnaokunja mikono ya makoti tulieni, tutafika huko.

Marehemu Sigvart Nesheim alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 huko Voss, nchi ya Norwei, mtoto wa tatu wa fundi wa reli, shule ya msingi akasoma hapo hapo, sekondari Bergen, sheria akamaliza mwaka 1976, na badala ya kutafuta kazi kama watu wengine akaendelea kusoma mpaka nywele zikamhama, akapata udaktari mwaka 1984, uprofesa mwaka 1990, akaandika kitabu cha kurasa mia sita kuhusu siri ya kura, ambacho nimekiona kwa macho yangu, kwa miaka minane kimeinua mguu mfupi wa meza ya dada yangu. Mwaka 2001 aliingia siasa, watu wa kwao wakampeleka bungeni kwa karatasi za kura, kimya kimya, na mwaka 2005 wakamtoa kimya kimya vilevile.

Alimuoa Ingunn mwaka 1979, wakaachana mwaka 2004, wakiwa wamejaliwa binti mmoja, Marit, ndiye yule pale anayeiva kwa jua, jamani mwenye mwavuli amsogelee.

Kampala alifika tarehe 3 Agosti 2009 kufundisha sheria chuoni, mchana akawa anakula kwenye hoteli ya dada yangu hapa Kansanga, na kwa kuwa alikula samaki kwa uma, mwiba ukamkaba, Awiti akampiga mgongoni ngumi tatu mbele ya wateja, tarehe 18 Desemba 2010 wakafunga ndoa, na tarehe 6 Juni 2012 wakapata mtoto, Sylvanus, ambaye anasoma vizuri kwa sababu hakunifuata mimi.

Sasa tuje kwenye kura. Vijana wa hapa wanauza kiwanja cha baba yao wapate viza ya kwenda Ulaya, shemeji yangu mwaka 2017 aliirudisha pasipoti yake ya Norwei ili awe raia wa Uganda, na akawa raia ili agombee uenyekiti wa LC, baraza la kijiji, yaani cheo cha kupiga muhuri barua, kwa sababu alichoka kuona kina mama wakirudishwa mara nne na barua zao bila muhuri, Chairman usikohoe, sijataja mtu. Meneja wa kampeni nilikuwa mimi, kipaza sauti mimi, matusi mimi, na ile kampeni hakuna mwingine ambaye angeiendesha vile. Kosa lilikuwa lake, nyumba kwa nyumba aliwafundisha watu kwamba kura ni siri, kwamba wasimwambie mtu, hata yeye wasimwambie, nanyi mkafurahi sana, mkanywa chai yake, mkafunga midomo, naye akarudi nyumbani akihesabu kila mdomo uliofungwa kuwa ni wake.

Tarehe 10 Julai 2018 tukaenda uwanjani, na kama mnavyojua LC haina karatasi, unasimama nyuma ya mtu wako na kijiji kizima kinakuona, nyuma ya Ongom wakasimama mia nne na kumi na mbili, nyuma ya profesa tisa. Hakugeuka, alikuwa anaona aibu kuwahesabu watu, akatazama mbele akitabasamu mpaka namba iliposomwa.

Tarehe 22 Septemba 2023 alipata kiharusi, upande wa kushoto ukafa, na Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, akafariki. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanafunzi wake waliompa damu, majirani mlioleta kuni na sufuria, na nyinyi wenzake wa chuoni, ambao salamu zenu za rambirambi ni ndefu kuliko maisha yake.

Katika wale tisa, wawili wamekufa, mmoja yuko Dubai, mmoja hainuki kitandani, waliobaki ni Awiti, Mama Safinah wa chapati, Zubairi fundi cherehani, Oketch askari wa geti, na Raisa mwanafunzi wake, hao ndio wabebaji, na anayesema mwanamke habebi jeneza akabishane na wosia. Chairman, rudisha mkono.

Mtasema wa sita si yupo, si meneja wa kampeni. Wosia unasema historia isisomwe mpaka mwisho bila msomaji kutaja alikosimama, basi nataja, nilisimama kwa Ongom, namba thelathini na saba, kwa sababu nilitaka barua yenye muhuri nipate nafasi kwenye stegi ya boda, barua nikaipata siku ile ile, na jioni nikaenda kula kwa shemeji, akanipakulia samaki mwenyewe, hakuniuliza kitu kwa miaka saba.

Kwa hiyo mshikio wa nyuma, upande wa kushoto, utakwenda bila mkono. Jeneza likiinama huko msipige mayowe wala msimlaumu fundi, hapo ni mahali pangu. Sisi wengine tutapanga mstari nyuma yake, na nikiwatazama hivi naona utafika mpaka barabara ya Ggaba, mimi wa kwanza. Pumzika kwa amani, shemeji, wala usigeuke, leo hakuna anayehesabu.