Bustani ya Mke wa Dobi

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nyumba ya Dobi. Tunakutana jua likishapoa, kila mtu akitoka kwenye shughuli zake: mimi kwenye saluni yangu ya kunyoa huko mjini, Profesa kwenye dirisha lake la tiketi za mabasi, Dobi mwenyewe kwenye chumba cha chini cha hoteli, anakofua mashuka tangu alfajiri. Muuza kahawa tunamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia. Anawasha jiko saa kumi na moja, na birika likikauka tunatawanyika. Miguuni petu, kutoka benchi mpaka mlangoni, kuna majani mafupi manene yaliyotambaa chini kama mkeka. Aliyapanda mke wa Dobi, Mungu amrehemu, na huu ni mwaka wa pili tangu atutoke.

Jioni hiyo Dobi alipokea kikombe chake, akatuambia kwamba fundi wa saruji anakuja kesho kutwa asubuhi. Majani yote yang'olewe, pasakafiwe, basi. Profesa alimuuliza yamemkosea nini.

— Miaka sita, sijaona ua hata moja, Dobi alisema. Marehemu kila nikirudi jioni ananiambia, leo yamechanua, ungeyaona. Natazama, majani tu. Nikajua ananipa moyo, si unajua watu wa ndani. Sasa hayupo, na mimi kila siku naukanyaga uongo wake kuingia ndani. Nimechoka jamani.

Mimi sina ulimi wa kufariji mtu, nikajifanya napuliza kahawa. Redio ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikiri kwamba kosa ni lake, kwani kila jioni huyamwagia mashapo ya kahawa. Mmea hauchanui hivi hivi, alisema, lazima kwanza ulale uote ndoto ya ua, ndipo asubuhi ulitoe. Huu wetu haujapata usingizi tangu aanze kuuza kahawa hapa.

Nilimwambia aache kutuchosha. Hapo ndipo Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la tano na jina la Profesa akajipa mwenyewe, alivua miwani. Alituonyesha vijiti vidogo kwenye ncha za majani, vilivyojikunja vikakauka. Kwa maelezo yake hayo ni mashina ya maua yaliyoelekea upande mwingine.

— Upande gani? nikamuuliza.

— Chini. Haya yanachanua chini ya ardhi. Huku juu tunaona mizizi tu, tunadhani ni majani. Bustani yenyewe iko kule, imegeuzwa, na waliolala kule ndio wanaoitazama.

Ningemcheka, lakini jua lilikuwa limebaki ukingoni mwa paa, moshi wa jiko umetulia, na kwa muda kidogo nikaona kabisa: rangi zikining'inia gizani chini ya viatu vyetu. Nikanyanyua miguu bila kutaka.

— Kwa hiyo nikimwaga saruji, Dobi alisema taratibu, nitakuwa nimemzibia dirisha.

Profesa alirudisha miwani yake, na nadhani alijuta.

Wakati huo mpangaji mpya wa nyumba ya ng'ambo, nesi wa zamu za usiku, alisimama kununua kahawa akiwa njiani kwenda kazini. Alitusalimia shikamoo, tukaitikia. Redio hakukawia kumpa habari yote, ya saruji na ya uongo wa marehemu. Binti alisikiliza kikombe kikiwa mkononi, akamtazama Dobi, akatutazama na sisi.

— Samahani, wazee wangu. Kwani hapa hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukaa saa sita mchana?

Profesa mchana huwa dirishani kwake. Mimi nilihesabu miaka yangu pale benchini na sikupata mchana hata mmoja. Dobi siku zake za mapumziko alikuwa analala kutwa, mgongo ukimuuma kwa mashuka, na tangu afiwe huwa anazimalizia kwa dada yake, kuikimbia nyumba. Binti akatueleza bila papara kwamba yeye akiamka huwa anafungua dirisha, na barabara nzima haina mtu. Maua yanakuwa yamejaa pale, mekundu, ya manjano, ya waridi. Yanafunguka jua likiwa kali. Kufikia saa tisa yanajifunga, na yaliyojifunga hayafunguki tena, kesho yake hutoka mengine.

Alikunywa, akaaga, akaenda zake. Birika lilikuwa bado na kahawa lakini hakuna aliyeomba.

Kesho yake nilifunga saluni mapema, nikajidanganya kwamba nakwenda kutafuta mashine mpya ya kunyolea. Nilimkuta Dobi benchini peke yake juani, amevaa shati lililopigwa pasi, miguu ameikunja juu ya ubao asiyakanyage. Na yalikuwa mengi. Yalianzia benchini mpaka kizingiti, hata pa kupita pasionekane. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujisumbua kuufuta.

— Alikuwa ananiambia kweli, alisema.

Nikakaa pembeni yake. Kuelekea saa tisa yalianza kufumba, moja moja, na Dobi akageuka kuutazama mlango wa nyumba yake.

— Mama, leo yamechanua, alisema. Nimeyaona.